Mashavu ya Kuazima

Watu wa kwanza kunipongeza kwa ugonjwa wangu walikuwa wauza samaki wa sokoni Tegeta. "Mama Rahma, umenawiri!" alisema mmoja wao huku akiparua magamba. "Mashavu hayo! Baba Rahma anakulisha nini siku hizi?" Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao. Nikachukua vibua vyangu, nikaenda kusimama nyuma ya choo cha soko, nikalia mpaka kanga ikalowa. Figo zangu zilikuwa zinavuja. Mashavu yale yalikuwa ya dawa.

Ninaandika haya sasa kwa sababu lililokuwa la kutisha zaidi limepita, na kwa sababu najua leo hii kuna mtu anatoka kwa daktari na mfuko wa vidonge hivyohivyo mkononi. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa chekechea huku Madale, najua kuimba na kufuta watoto makamasi. Lakini vidonge hivi nimevimeza muda mrefu, na vilinifikisha mahali ambapo sitaki mtu mwingine afike.

Ilianza masika. Nilikuwa naamka macho yamevimba, nikasema ni mbu. Kisha viatu vikawa havinitoshi. Ukibonyeza mguu, kidole kinaacha shimo ambalo halirudi haraka. Mkojo ulikuwa na povu kama maji ya kufulia. Mume wangu Hamisi ni dereva wa malori, nyumbani anapita tu, na alipopita safari ile alinitazama mara moja akasema, "Vaa, twende hospitali." Sijawahi kumwona Hamisi akiogopa kitu barabarani. Siku ile alipita taa nyekundu mbili bila kuziona.

Nikayajua mabenchi. Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya figo, nitakwambia tu kwamba watu wa pale hawasemi sana. Kila mmoja anamwangalia mwenzake kwa siri, anapima nani ana hali mbaya kuliko yeye. Ukirudi mwezi unaofuata ukakuta nafasi ya mtu ni tupu, huulizi. Mimi nilikuwa nauliza moyoni tu, na jibu nililojipa mwenyewe lilikuwa linaninyima hamu ya kula.

Daktari wangu alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole wa sauti. Aliniandikia prednisolone, akanishika mkono kabla hajanipa karatasi.

"Mama, vidonge hivi ndivyo vitakavyokusaidia, lakini vina masharti. Utameza asubuhi, ukiwa umekula. Usiruke siku. Usiache mwenyewe hata ukijiona mzima, mimi ndiye nitakayekupunguzia taratibu. Ukipata homa au kidonda kisichopona, njoo haraka. Na usimpe mtu."

Masharti yote niliyashika. La mwisho sikulitilia maanani, maana nani atatamani dawa ya mgonjwa wa figo?

Hospitali walikuwa wanaishiwa mara kwa mara, kwa hiyo Hamisi akaninunulia kopo kubwa kwa karatasi ya daktari, ili asipokuwapo nisihangaike. Nikaliweka juu ya kabati la jikoni, karibu na chumvi na majani ya chai. Kila asubuhi baada ya uji nilikuwa namimina vidonge kiganjani, vichungu kiasi kwamba hata ukivimeza haraka ulimi unavijua.

Miguu ilianza kupungua, na hilo lilinipa furaha. Ila mwili ukaanza vituko vingine. Njaa ilinishika ya ajabu. Nakula ugali wa mchana huku nawaza wa jioni. Uso ukawa wa mviringo, shingo ikaota nundu kwa nyuma, tumbo likapata michirizi myekundu kana kwamba nimejifungua jana. Sukari, ambayo sikuwa nayo, ikaanza kupanda, wakawa wananipima kila nikienda. Watu wazima walisema nimenawiri. Watoto wangu wa darasani ndio walisema ukweli. "Mwalimu," aliniuliza mmoja, "nani amekupuliza?"

Kioo cha chumbani nilikifunika kanga.

Na usingizi ulikimbia. Daktari alikuwa ameniambia kwamba dawa inaweza kunichezea akili kidogo, nisishtuke. Nilishtuka. Nilikuwa natia sukari kwenye mchicha. Ufunguo wa nyumba niliukuta ndani ya friji. Siku moja nilimfokea mtoto kwa kudondosha chaki mpaka mwenyewe nikaogopa sauti yangu. Nilianza kujichunga kama mtu anayemchunga mwendawazimu, na hicho ndicho kilichokuja kunimaliza.

Kipupwe kilipoingia, mama mkwe wangu, Bi Chausiku, alihamia kwetu kutoka Tandale pamoja na wifi yangu mdogo, Sauda. Kulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni mimi, nipate wa kunisaidia kazi. Ya pili, Sauda alikuwa ameposwa, ndoa imepangwa wakati wa vuli, na nyumba yao ya Tandale imebanana, soko liko dirishani, hakuna chumba cha kumweka mwali. Kwao mwali akishawekwa ndani hatoki ovyo. Anasingwa, anapakwa liwa, anafundwa, analishwa vizuri, na wanaume hawamwoni. Kwetu Madale kulikuwa na utulivu, na chumba cha nyuma kilikuwa wazi.

Nilimpenda Sauda. Kabla hajawekwa ndani ndiye aliyekuwa ananifulia, ananiogesha siku ambazo magoti yanagoma, na ananichekesha kwa kuniigiza ninavyotembea. Alikuwa mwembamba tangu utoto, na wembamba huo ulikuwa unamnyima mama yake raha.

"Wanawake wa upande wa bwana arusi watakuja kumwona," Bi Chausiku alikuwa akisema, anachambua mchele. "Watasema nini? Watasema tumewapa fito." Kisha ananitazama. "Wewe lakini, mkwe wangu, mwili umeupata hasa. Ulivyokuwaga na ulivyo sasa, mbali kabisa."

"Ni dawa tu, mama. Dawa ya figo."

"Haya," akasema.

Ukiijua familia ya mume wangu, unajua kwamba "haya" ya namna ile haina maana ya kukubali. Mjini humu watu wanauziana vidonge vya kunenepesha, vimefungwa kwenye vikaratasi bila jina, na Bi Chausiku alikuwa amewaona wasichana wa Tandale wakifura mashavu kwa mwezi mmoja tu. Aliniona mimi nikifura vilevile. Akajiambia kwamba nimepata dawa nzuri na ninawabania. Hilo nililijua baadaye.

Sauda akaanza kunawiri. Uso ukajaa, ngozi ikang'aa, akawa anaomba chakula mara kwa mara mpaka tukamtania kwamba mume atakimbia gharama. Somo wake, yule mama aliyekuwa anamfunda, akasema singo imemkubali. Mimi mwenyewe nilimshika kidevu nikamwambia, "Wifi, umekuwa mwezi!" Nilikuwa natazama uso wangu mwenyewe na sikuutambua. Kumbe kile kioo nilikifunika bure.

Halafu asubuhi moja nikamimina vidonge, kopo likatoa vile vya mwisho pamoja na unga.

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikiwa nimelikumbatia lile kopo. Kwa hesabu yangu lilitakiwa kunifikisha mbali zaidi ya kliniki ijayo. Haikunijia hata kidogo kwamba kuna mtu mwingine. Nilikumbuka sukari kwenye mchicha, ufunguo kwenye friji. Nikaona jambo limejieleza: nilikuwa nameza, nasahau, nameza tena. Nimekuwa najilisha dawa mara mbili, na akili yangu haina habari. Niliogopa kuliko siku niliyoambiwa figo zinavuja, maana figo ni figo, lakini akili ikiondoka nani atamlea Rahma?

Sikumwambia mtu. Hamisi alikuwa safarini Tunduma, na ningemwambia nini kwenye simu? Nikajishauri mwenyewe kwamba kama nimezidisha hivyo, basi mwili umejaa dawa na unahitaji kupumzika. Kliniki haikuwa mbali. Nitangoja, nitamweleza daktari. Nakuomba wewe unayesoma, ukijiona unafikiri kama nilivyofikiri mimi, funga kopo uende kwa aliyekuandikia siku hiyohiyo. Uongo wa namna ile una sura ya busara.

Siku za mwanzo nilikuwa sawa, hata nikajisifu. Kisha mifupa ikaanza kuuma kama ya mtu aliyepigwa. Chakula kikaninukia vibaya, mimi niliyekuwa nakwangua sufuria. Nikiinuka, ukuta unainuka na mimi. Nilidhani figo zimerudi kuvuja, nikawa nachungulia mkojo kutafuta povu, povu hakuna, na kutolielewa jambo kukanitia hofu zaidi.

Wakati huohuo nilimsikia Sauda chumba cha nyuma anatapika. Nikasikia na sauti ya Bi Chausiku, chini kabisa, ile sauti inayopita katikati ya meno.

"Niambie ukweli. Mie mama yako. Nani?"

"Sijafanya kitu, mama. Wallahi sijafanya kitu."

Nilipogonga kuuliza, Bi Chausiku alifungua kidogo, akaziba mlango kwa mwili wake. "Amekula kitu kibaya. We nenda kalale, mwenyewe mgonjwa." Tangu hapo hakuna aliyeingia chumba kile, hata somo alirudishwa mlangoni. Chakula kilipelekwa na yeye, kikarudi kama kilivyokwenda. Nilielewa anachokiogopa. Mwali anatapika, arusi iko karibu, na mahari imeshapokelewa. Ningekuwa na nguvu ningempigania Sauda. Sikuwa na nguvu ya kupigania hata kikombe cha chai.

Asubuhi niliyoanguka, nilikuwa nainama kuchota maji kwenye pipa uani. Sikumbuki kufika chini. Nakumbuka ubaridi wa saruji shavuni, na Bi Chausiku anapiga kelele kumwita jirani yetu, Mama Upendo, mwalimu mwenzangu mwenye gari. Nakumbuka pia, kabla hatujaondoka, nilisikia ufunguo unazungushwa kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Bi Chausiku aliutia kwenye pindo la kanga yake, akapanda gari kunishika kichwa.

Pale mapokezi ya wagonjwa wa dharura muuguzi alinipima presha, akapima tena, akaita daktari kwa sauti ambayo wauguzi hawaitumii ovyo. Nilikuwa nasikia baridi kwenye joto la Dar. Bahati yangu, Mama Upendo alikuwa amebeba lile kopo tupu. Aliliona jikoni akalichukua tu. Daktari kijana alilisoma akaniinamia.

"Mama, umeacha hivi vidonge?"

"Viliisha."

Wakanichoma sindano kwenye mshipa na kunitundikia dripu. Baada ya muda ukuta ukatulia. Yule daktari akavuta kiti, akanieleza polepole kwamba, kwa kuwa mwili umezoea kuletewa dawa hii kutoka nje, umeacha kutengeneza ya kwake. Ukiikata ghafla, mwili unabaki mikono mitupu. Mtu anatapika, anaishiwa nguvu, presha inaanguka, na akicheleweshwa anakufa.

"Sasa viliishaje mapema hivi?"

Nikaanza kueleza kwa aibu kwamba nadhani nilikuwa nameza mara mbili bila kujua, akili yangu siku hizi si nzuri. Bi Chausiku alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Nilimwona anashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Daktari," akasema. "Huko kutapika. Anaweza kutapika hata mtu ambaye hana hiyo figo? Hata kama ni msichana tu, mzima?"

"Kama alikuwa anavimeza kila siku kwa muda, akaacha ghafla, ndiyo mama. Kwani kuna mwingine?"

Mama mkwe wangu ni mtu wa kujua la kusema, misibani na arusini.  Siku ile alikaa sakafuni, palepale kati ya vitanda, watu wanamtazama.

"Nilikuwa nampa kwenye uji," akasema. "Nilitaka apate mwili. Jamani, nimemfungia mlango. Nimemfungia mwanangu nikidhani ana mimba."

Mama Upendo hakungoja. Alimwinua kwa mkono, wakatoka mbio, ufunguo ukiwa kwenye pindo la kanga.

Sijawahi kungoja kubaya kama kule. Barabara ya Bagamoyo na foleni zake mnaijua. Nililala na sindano mkononi nikiangalia mlango, kila kitanda cha magurudumu kikiingia nainua shingo. Nilimchukia Bi Chausiku kwa kuninyima akili yangu mwenyewe, kwa kuniacha niamini kwamba naingia wazimu. Kisha namkumbuka Sauda nyuma ya mlango uliofungwa, anaapa bila kuaminiwa, na hasira inaisha, inabaki hofu tupu. Nilimwomba Mungu amwache. Nilisema, nichukulie hata figo.

Walimleta amefunikwa kanga gubigubi, kichwa mpaka miguu, kama mwali anavyotolewa. Mlinzi wa getini alikuwa amembeba. Muuguzi akasema, "Mama, tunaomba uso wake." Nilidhani Bi Chausiku atabisha, maana mle ndani kulikuwa na wanaume wa kila aina, na mwali wake hakutakiwa kuonekana mpaka siku yake. Hakubisha. Aliishika kanga kwa mikono yake mwenyewe akaivuta yote, mbele ya watu wote.

Uso wa Sauda ulikuwa wa mviringo bado, umenona, na midomo yake ilikuwa ya kijivu.

Presha ilipatikana kwa shida. Wakamchoma ileile sindano yangu. Daktari akasema, kwa utaratibu wao, watampima na mimba pia.

"Pimeni," akasema Bi Chausiku. "Mie najua hana. Aliniambia."

Mpaka adhuhuri ilipoadhiniwa, midomo ilikuwa imeanza kurudi rangi. Sauda alifungua macho, akamwona mama yake, akageuza uso ukutani. "Nilikwambia, mama," akasema, basi. Bi Chausiku alikaa palepale akimpapasa miguu mpaka msichana akakubali kugeuka, na hilo lilichukua muda mrefu.

Nikisema tulitoka tukiwa tumepona nitakuwa nadanganya. Tulitoka na vidonge. Wote wawili, maana hata Sauda ilibidi aachishwe taratibu, leo unapunguza kidogo, mwili unapewa nafasi ya kukumbuka kazi yake. Arusi iliahirishwa. Bi Chausiku alikwenda mwenyewe kwa wakwe watarajiwa wa Sauda kueleza sababu, na sikuwapo, lakini najua alieleza yote, kwa sababu bwana arusi alipiga simu nyumbani usiku uleule kumpa Sauda pole, akamwambia yeye alipenda fito tangu mwanzo.

Kopo jipya lilikaa chumbani kwangu, kwenye sanduku lenye kufuli. Hakuna aliyeniomba nifanye hivyo. Nikienda hata kung'oa jino nasema kwanza kwamba natumia dawa hizi, kabla sijafungua mdomo kwa jambo lingine. Kila asubuhi Sauda, ambaye alirudi Tandale, alikuwa ananipigia.

"Wifi, umekula?"

"Nimekula."

"Umemeza?"

"Nimemeza. Na wewe?"

Siku ambazo simu ilichelewa, nilikuwa naipiga mimi.

Sauda aliolewa kabla ya Ramadhani, kidevu chake kimerudi na ncha yake. Masika iliyofuata daktari wangu aliniambia nimeze kidonge cha mwisho, na akaniambia nirudi kupimwa hata nikijiona mzima, na kwamba kwa muda bado nikiumwa chochote kikubwa niwaambie nilitumia nini. Ile kanga niliiondoa kwenye kioo. Nilimkuta mwanamke mwenye mifupa ya mashavu, ngozi ya shingo imelegea, nywele zimepungua. Nilimfurahia mno. Ila bado nikisimama ghafla kichwa kikazunguka, naogopa kama siku ile ya uani.

Juzi nilikwenda sokoni Tegeta na Bi Chausiku. Yule muuza samaki aliponiona alidondosha kisu.

"Mama Rahma! Jamani, umekwisha! Unaumwa nini? Pole, mama, pole sana."

Nilikuwa natafuta jibu la kumridhisha. Bi Chausiku akanitangulia, akaweka kikapu chini.

"Haumwi huyu, amepona," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza nyanya. "Na mwanangu amepona. Walipokuwa na mashavu ndipo walipokuwa wanakufa, na mie ndiye niliyekuwa nayapenda. Haya, tupimie vibua."